Godoro la Upepo Linalolegea Usiku: Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Polepole

Godoro la kupigia kambi lililotoboka wazi halimsumbui mtu kwa muda mrefu, kwa sababu hujitangaza lenyewe: husikika likitoa upepo na hulala chini kabla mwenyewe hajavua viatu. Kinachosumbua ni lile linalokaza vizuri wakati wa kulala, kisha alfajiri likamkuta mtu nyonga imegusa sakafu ya hema, na likijazwa tena asubuhi linakaa mchana kutwa bila kuonyesha dosari yoyote. Mwenye godoro la namna hii huanza kujiuliza kama kweli kuna kitu kinachovuja, na shaka hiyo ina msingi. Kabla ya kushika gundi, ni lazima ajue mambo mawili: kama upepo unatoka kweli, na kama unatoka, unapitia kwenye vali au kwenye mwili wa godoro. Wanaoruka maswali hayo ndio wanaoishia kuwa na godoro lenye viraka vitano ambalo bado linalegea.

Dalili: limelegea usiku, limekaza tena mchana bila kujazwa

Godoro linalovuja halirudishiwi upepo na mtu yeyote, kwa hiyo likikaza lenyewe jua linapopanda, hakuna tundu la kutafuta. Kilichotokea ni kwamba hewa iliyomo ndani ilipoa na kusinyaa. Hewa iliyojazwa jioni ikiwa na joto la nyuzi 30 za Selsiasi, ikipoa hadi nyuzi 10 karibu na alfajiri, huhitaji nafasi iliyopungua kwa karibu asilimia 6.6. Katika godoro lenye ujazo wa lita 500, upungufu huo ni zaidi ya lita 30, na kwa kuwa shinikizo la ndani ya godoro ni dogo sana ukililinganisha na la tairi, upungufu wa kiasi hicho unatosha kabisa kuligeuza godoro gumu kuwa laini. Hali huwa mbaya zaidi godoro likilazwa moja kwa moja juu ya ardhi yenye baridi, au likiwa limejazwa kwa pumzi ya kinywa, ambayo huingia ikiwa na joto karibu na lile la mwili.

Tiba yake ni utaratibu tu. Godoro lijazwe mapema, liachwe ndani ya hema kwa saa moja au mbili baada ya jua kuzama, kisha liongezwe upepo kidogo kabla ya kulala. Na chini yake patandikwe mkeka, blanketi au zulia la sponji. Kinyume cha jambo hili pia kinafaa kukumbukwa, kwa sababu ndicho chanzo cha uvujaji wa kweli: godoro lililokazwa sana alfajiri ya baridi, kisha likaachwa juani ndani ya hema lililofungwa, hutanuka hadi mishono yake ikaanza kuachia.

Dalili: godoro ni jipya na hulegea kila usiku, lakini kila usiku kidogo zaidi

Magodoro mengi ya bei ya kawaida hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, na plastiki hiyo hunyumbuka inapojazwa mara za mwanzo. Upepo ni ule ule, ila mfuko wake umekua. Lijaze, liache siku nzima bila kulilalia, liongeze, na urudie mara mbili au tatu. Likitulia baada ya hapo, suala limekwisha. Likiendelea kupoteza kiasi kile kile kila usiku, basi hatuzungumzii tena kunyumbuka.

Jaribio la usiku mmoja

Jaribio lifanyike ndani ya nyumba, katika chumba ambacho joto lake halibadiliki sana, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Jaza godoro likaze vizuri bila kuligeuza ngoma, funga vali kama unavyoifunga siku zote, kisha weka dumu la maji la lita 5 lililojaa katikati ya godoro na upime kwa rula urefu kutoka sakafuni hadi juu ya dumu. Andika kipimo hicho pamoja na saa. Baada ya saa 8 hadi 12 pima tena pale pale, bila kuliondoa dumu. Macho hudanganya katika jambo hili, na kubonyeza kwa kiganja hudanganya zaidi, kwani godoro lililopoteza sehemu ndogo ya upepo wake bado linaweza kuonekana zima kwa mtu aliyesimama pembeni.

Dumu likishuka kwa milimita chache tu, rudia jaribio huku mtu amelilalia godoro kwa saa mbili, kwa sababu yapo matundu yanayofunguka tu yanapovutwa na uzito: ufa mdogo kwenye mkunjo, mshono ulioanza kuachia, au kifuniko cha vali kinachosukumwa kutoka ndani. Godoro linaloshinda jaribio la dumu na kushindwa lile la mtu kulala, mimi hulichunguza kwenye mishono na vali kabla ya kugusa sehemu nyingine yoyote. Lile linaloshuka hata bila mtu, tena kwa mwendo ule ule kila mara, kwa kawaida lina tundu la mwiba au kokoto upande wa chini, au uchafu ndani ya vali.

Vali ndiyo mshukiwa wa kwanza

Nilikuwa na godoro moja la watu wawili ambalo nililibandika viraka viwili kwa muda wa wiki moja, kila kimoja mahali palipochubuka na kunifanya niamini kuwa nimempata mwizi. Lilipolegea mara ya tatu, nilipaka povu la sabuni kwenye mdomo wa vali kwa sababu tu nilikuwa nimebakiwa na povu kwenye sponji. Kando ya kifuniko kikaibuka kipovu kimoja chenye ukubwa wa punje ya dengu, kikapasuka, na baada ya kama sekunde kumi kikaibuka kingine mahali pale pale. Nilipofungua, niliona unywele mmoja umelala juu ya mpira wa kuzibia, umeupitia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Niliutoa kwa kibano na godoro likakaa usiku kucha. Viraka vile viwili bado vipo, na havizibi chochote.

Vali huvuja katika sehemu tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni kifuniko chenyewe, ambacho huzibwa na mpira mwembamba wa duara. Mpira huo ukiwa na mchanga, nyuzi za blanketi au majani makavu, au ukiwa umekauka na kupasuka, upepo hupita pembeni yake. Ya pili ni kilimi cha ndani kinachoruhusu upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Katika vali nyingi kilimi hushikilia upepo kwa muda tu ili mtu apate nafasi ya kufunga kifuniko, kwa hiyo kikivuja kidogo si kosa, mradi kifuniko kinaziba. Ya tatu ni duara ambapo shina la vali limeunganishwa na mwili wa godoro, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii, ingawa ndipo panapovutwa kila mara pampu inapochomekwa na kuchomolewa.

Paka povu zito kwenye sehemu zote tatu kwa zamu, kifuniko kikiwa kimefungwa, na usubiri dakika moja kamili. Povu likichemka kwenye ukingo wa kifuniko, fungua, osha mpira na mahali unapokaa kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, suuza, kausha, kisha angalia kwa mwanga wa tochi kama kuna kilichobaki. Mpira uliokauka kidogo unaweza kupakwa mafuta ya silikoni kwa ncha ya kidole. Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli yaepukwe, kwani huharibu aina kadhaa za mpira. Uliopasuka ubadilishwe. Kama kifuniko ni cha kuzungusha, kizungushe kwanza kinyume hadi uhisi kimedondoka kwenye njia yake, ndipo ukikaze, maana kilichoanzia upande huonekana kimefunga huku mdomo mmoja ukiwa wazi kwa upana wa karatasi.

Povu likichemka kwenye duara la shina, hilo ni suala la gundi, na litafuata hapa chini pamoja na matundu mengine.

Magodoro yenye pampu ya umeme iliyojengwa ndani yanahitaji tahadhari. Usipake maji wala povu kwenye kisanduku cha pampu, hata waya ukiwa umechomolewa. Badala yake hakikisha kitufe cha kuzungusha kimerudi kabisa kwenye alama ya kufunga, kisha funika mdomo wa pampu kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula na uibandike kingo zote kwa selotepu bila kuivuta. Plastiki hiyo ikivimba baada ya nusu saa, upepo unapitia kwenye pampu. Mara nyingine ni vumbi lililoingia kwenye kilimi chake, na kuiwasha pampu kwa kuingiza na kutoa upepo mara mbili tatu hulisukuma nje. Isipofaulu, sioni haja ya kuifungua pampu ya umeme nyumbani.

Kulitafuta tundu mwilini

Vali ikishathibitika kuwa nzima, godoro lijazwe likaze kuliko kawaida ya kulalia, lakini si kufikia hatua ya mishono kulia. Njia ya kwanza haihitaji kifaa: zima feni, redio na kila kitu chenye sauti, kisha pitisha sikio polepole umbali wa vidole viwili kutoka kwenye godoro, ukianzia pembeni. Mahali unapodhani umesikia kitu, pasogezee mdomo wa chini uliolowa mate. Ngozi ya mdomo ikilowa huhisi baridi ya upepo mdogo ambao kidole hakiwezi kuuhisi.

Sauti isipopatikana, tumia sabuni. Kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika nusu lita ya maji vinatosha, na vikorogwe taratibu, kwa sababu mchanganyiko uliojaa povu tangu mwanzo hukuficha kile unachokitafuta. Ligawe godoro katika vipande kwa selotepu, upake kipande kimoja kwa sponji, na usikiache kabla dakika moja haijaisha. Uvujaji wa polepole hautoi mapovu makubwa. Hutoa kikundi cha vipovu vyeupe vilivyobanana ambacho hukua mahali pamoja wakati povu la jirani linapotea. Anza na upande wa chini, uendelee pembeni, kwenye kona, kwenye mistari ya mikunjo ambapo godoro hukunjwa kila safari, na mwisho upande wa juu. Ikiwezekana, mtu mmoja alikalie godoro huku mwingine akitazama.

Upande wa juu mara nyingi umefunikwa kwa kitambaa laini kama mahameli, nao husumbua, kwa kuwa nyuzi zake hubeba hewa yake yenyewe na hutoa vipovu vya uongo kila zinapolowa. Sugua povu liingie ndani ya nyuzi, subiri vipovu vya kwanza vife, upake mara ya pili, na uamini tu kile kinachorudi.

Tundu likipatikana, kausha eneo lake na ulizungushie duara la kalamu ya wino usiofutika, duara pana kidogo kuliko kiraka utakachokata ili alama isifichwe na gundi. Usiishie hapo. Mwiba ulioingia godoro likiwa limekunjwa hutoboa tabaka zaidi ya moja, na matundu hayo hukaa pande mbili za mkunjo kwa umbali ulio sawa, kama matone ya wino kwenye karatasi iliyokunjwa. Likunje godoro lilivyokuwa likihifadhiwa, uone duara lako linagusana na sehemu gani, kisha ukaipake povu sehemu hiyo.

Mkeka mdogo wa kulalia, hasa ule wenye sponji ndani unaojijaza wenyewe, ni rahisi zaidi kuuchovya kwenye beseni kubwa au kwenye maji yaliyotulia, sehemu baada ya sehemu, huku ukiukandamiza. Uwe umejazwa na kufungwa muda wote, kwa sababu mkeka mlegevu unaotolewa kwenye maji hunyonya maji kupitia tundu lile lile, na sponji iliyolowa ndani huchukua siku nyingi kukauka na huota ukungu.

Kuna dalili moja inayofanana na ugonjwa mwingine kabisa: nundu inayotokea ghafla katikati ya godoro au upande mmoja. Hiyo inamaanisha kwamba ukuta wa ndani unaoshikilia tabaka la juu na la chini umeachia. Upepo bado umo ndani, lakini hakuna kiraka cha nje kinachofika huko, na nundu itazidi kukua kila usiku. Godoro hilo linahitaji kubadilishwa.

Kuziba

Gundi huchaguliwa kwa kuangalia kitu ambacho godoro limetengenezwa nacho, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri ya kutafuta tundu hupotea bure. PVC huhitaji gundi ya PVC laini, ile inayouzwa pamoja na viraka vya mabwawa ya kupuliza na mashua za mpira. Naironi au poliesta iliyopakwa poliurethani huhitaji gundi ya poliurethani. Turubai lenye mpira, kama la magodoro ya zamani, hukubali solusheni na kiraka cha tyubu ya baiskeli. Solusheni hiyo hiyo kwenye PVC hushika kwa siku chache na kubanduka kama ganda. Supa gluu hukauka ikawa ngumu kama kioo na kupasuka godoro linapokunjwa. Gundi ya mabomba ya maji nayo hukauka ngumu, hata kama kopo lake limeandikwa PVC. Pasi na moto wa aina yoyote hugeuza tundu la sindano kuwa dirisha.

Toa upepo wote na ulaze godoro juu ya meza. Kama tundu liko kwenye mahameli, nyuzi zote zinazozunguka tundu ziondolewe hadi plastiki tupu ionekane, kwa msasa laini na subira, kwa kuwa gundi iliyopakwa juu ya nyuzi inashika nyuzi tu. Futa mahali hapo kwa spiriti ili mafuta na mabaki ya sabuni yatoke, na uache pakauke. Asetoni isitumike, kwa sababu hulainisha PVC na kuiacha imekunjamana. Kata kiraka cha mviringo, au chenye kona zilizozungushwa, kinacholizidi tundu kwa angalau sentimita 2.5 kila upande. Kona kali ndiyo huwa ya kwanza kubanduka. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye chombo chake mpaka inate kidoleni bila kuvutika, kisha bandika kiraka kuanzia katikati ukisukuma hewa kuelekea kingo kwa mgongo wa kijiko. Weka karatasi ya nailoni juu yake, halafu ubao na kitu kizito. Kama maelezo ya gundi hayasemi vinginevyo, mimi huacha saa 24 kabla ya kuingiza upepo, na sijawahi kujuta kwa kusubiri.

Mshono na duara la shina la vali havipendi kiraka, kwa sababu hakuna uso bapa wa kukipokea. Hapo hupakwa gundi laini ya kunyumbuka yenyewe, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Ili gundi iingie ndani ya ufa badala ya kukaa juu yake, jaza godoro kidogo ufa ufunguke, paka, kisha utoe upepo ufa uinyonye. Matokeo ya ukarabati wa mshono si ya uhakika kama ya tundu la mwiba, na ufa unaozidi urefu wa kidole gumba mara nyingi hufunguka tena pembeni ya gundi.

Kiraka kilichobanduka kinaeleza sababu yake ukikitazama upande wa chini. Kikiwa na nyuzi au vumbi, mahali hapakusafishwa. Gundi ikiwa imebaki yote kwenye kiraka na godoro liko safi, gundi haikuwa ya aina inayofaa. Ikiwa imevutika nyuzinyuzi pande zote mbili, godoro lilijazwa kabla haijakauka.

Kambini usiku, pasipo gundi, selotepu ngumu ya kitambaa inaweza kushikilia hadi asubuhi, mradi godoro litolewe upepo kwanza, likaushwe, na selotepu isuguliwe kwa kiganja hadi ipate joto. Mabaki ya selotepu hiyo yafutwe yote kwa spiriti kabla ya ukarabati wa kweli.

Kiraka kikishakauka, rudisha dumu la lita 5 mahali pake na upime kwa saa zile zile za mwanzo, katika chumba kile kile. Kipimo kisiposhuka, godoro liko tayari kwa safari. Kikishuka kwa nusu ya kilivyoshuka mara ya kwanza, umeziba tundu moja kati ya mawili, na pa kuanzia ni sehemu ile ya mkunjo iliyokuwa ikitazamana na duara lako la kalamu.